Filamu sita nilizoziangalia sebuleni, na jinsi TV ilivyozitendea

Haya ni maoni yangu kuhusu filamu sita nilizoziangalia nyumbani hivi karibuni: Roma, Mad Max: Fury Road, Tenet, The Lighthouse, A Quiet Place na 12 Angry Men. Kila moja niliianza kwa mipangilio ya TV kama ilivyotoka kiwandani, angalau nusu saa, kisha nikairudia mwanzo baada ya kurekebisha. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba mbili kati yake ningezishusha alama kwa makosa ambayo si ya filamu kabisa.

Vifaa ni vya kawaida: TV ya inchi 55 ya hertz 120 (inaonyesha picha mara 120 kwa sekunde), spika tano na besi moja, kochi likiwa mita 2 kutoka kwenye skrini. Kwa inchi 55 kaa kati ya mita 1.7 na 2.2. Ukikaa mita 4 umelipia 4K, yaani picha ya nukta nyingi zaidi, bure: jicho haliwezi kuona kilichoongezwa.

Kwa filamu zote niliweka modi ya picha iitwayo "Filmmaker Mode". Kama TV yako haina, chukua "Cinema" au "Movie". Nilizima kupunguza chembe ("noise reduction"), nikazima kihisi cha mwanga kinachopunguza umeme, nikaweka rangi upande wa "Warm", na nikashusha "sharpness". Kwenye TV nyingi sifuri ndiyo hali ya kutogusa picha, ila zipo ambazo hali hiyo iko katikati, kwenye 50. Namna ya kujua: tafuta maandishi meusi juu ya rangi iliyopauka, ushushe mpaka ule ukingo mweupe unaozunguka herufi upotee. Hapo simama, ukiendelea unafifisha picha yenyewe.

Roma (2018)

Hii ndiyo bora kati ya sita, na ndiyo inayoumizwa zaidi na TV. Alfonso Cuarón aliiongoza na pia kuipiga picha mwenyewe, na kazi zote mbili zikampa Oscar. Ni dakika 135 za nyeusi na nyeupe, maisha ya Cleo, mfanyakazi wa ndani katika nyumba moja ya Mexico City mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yalitza Aparicio hakuwa mwigizaji kabla ya filamu hii. Anafua, anapanga vitu, anazima taa moja baada ya nyingine usiku, na unajua kinachomkaa moyoni kabla hajafungua mdomo.

Tazama mwanzo tu. Vigae vya sakafu vinajaza skrini. Maji ya sabuni yanamwagwa, yanakuja kama wimbi dogo, yanarudi, yanakuja tena. Juu ya maji hayo unatokea mraba wa anga, na ndani ya mraba ndege inapita polepole, ndogo kama inzi. Kwa mipangilio ya kiwandani, kupunguza chembe kuliyayeyusha mapovu yakawa ukungu, na ile ndege ikawa doa. Nilipozima, kila povu lilirudi na ukingo wake. Ndege hiyo si pambo. Filamu nzima inasimama juu ya tofauti kati ya aliyeinama kudeki na kinachopita juu angani, na mwenye TV iliyochafua picha ananyimwa dokezo hilo dakika ya kwanza kabisa.

Kisha kuna mwendo. Kamera hapa haikimbii: inageuka taratibu kutoka chumba hadi chumba, au inasafiri ubavuni mwa watu. Huo ndio mwendo mgumu kuliko wote kwa TV. Filamu ina fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. TV ya hertz 60 haiwezi kuzigawa sawasawa, kwa hiyo fremu moja inaonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, na kamera inayogeuka inaonekana kama inajikwaa. Hertz 120 inaonyesha kila fremu mara tano, na kujikwaa kunaisha. Ila kuna mtego: kisanduku cha kustrimu kikiwa kimefungwa kwenye hertz 60, kinakuletea mkwamo huo tayari umo ndani ya picha kinayoituma. Ingia kwenye mipangilio ya kisanduku, sehemu ya video, uwashe kulinganisha fremu. Mara nyingi imeandikwa "Match Frame Rate". Skrini itakuwa nyeusi sekunde moja au mbili kila filamu inapoanza. Usishtuke, ndiyo inabadili hertz.

Wengi hutibu kujikwaa huko kwa dawa mbaya zaidi, yaani kulainisha mwendo. LG wanaiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus, au Picture Clarity kwenye TV zao mpya. TV inatunga fremu ambazo hazikupigwa na mtu, inazipachika katikati ya zilizopo, na Roma inageuka video ya harusi. Watu wa sinema wenyewe wamelipigia kelele jambo hili: Desemba 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi ya kuwaomba watazamaji waizime, na mwaka 2019 ndipo ikatangazwa hiyo Filmmaker Mode inayoizima kwa kitufe kimoja.

Kuna tukio la baba anaingiza gari lake pana, Ford Galaxie, kwenye kibaraza chembamba cha nyumba. Tunaona mkono wenye sigara, usukani, kioo cha pembeni kikikaribia ukuta, tairi likikanyaga kinyesi cha mbwa. Uso wake haujaonyeshwa, na tayari tumeshamjua ni mtu wa namna gani. Sijui tukio jingine la kuegesha gari lililosema mengi hivyo kuhusu ndoa.

Filamu haina muziki wa kuwekewa juu. Redio, mbwa, bendi inayopita mtaani, bahari, vyote vinatoka mahali pake. Ukiwa na spika za nyuma, zitumie hapa. Kama unaistrimu, kwa 1080p (HD ya kawaida) unahitaji kasi ya Mbps 5 hivi iliyotulia, yaani zaidi ya GB 2 kwa saa. Kwa 4K, Mbps 15, karibu GB 7 kwa saa. Intaneti ikiyumba, rangi za kijivu ndizo zinaharibika mwanzo: ukutani utaona ngazi ngazi badala ya kivuli laini. Afadhali uishushe mwenyewe kwenye 1080p iliyotulia kuliko 4K inayopanda na kushuka.

Mad Max: Fury Road (2015)

Saa mbili za kufukuzana jangwani, zilizopigwa kwa sehemu kubwa Namibia, na bado nasema ni filamu iliyohaririwa vizuri kuliko nyingine yoyote ya mapigano niliyoiona. Margaret Sixel, aliyepewa Oscar ya uhariri, ameunganisha vipande karibu 2,700. Hesabu hiyo inapaswa kukuumiza kichwa, lakini haikuumizi, kwa sababu mwongozaji George Miller na mpiga picha John Seale walimweka mhusika au kitu cha muhimu katikati ya fremu kila mara. Jicho halihangaiki kutafuta. Jaribu uone: kodoa katikati ya skrini dakika moja nzima bila kulihamisha jicho, hutapotea.

Hapo ndipo kulainisha mwendo kunaleta balaa. Vipande vingi viliharakishwa au kupunguzwa kasi kwa makusudi ili mwendo uwe na mshtuko. TV inajaribu kuunyoosha mshtuko huo, inashindwa kukisia, na utaona magurudumu yakichanikachanika na ukungu ukizunguka nguzo zile wanazobembea nazo wapiganaji. Wenye kusema "michoro ya kompyuta imezidi" mara nyingi wanaongelea ukungu huo.

Usiku wa buluu ulipigwa mchana kweupe, mwanga ukaingizwa kupita kiasi, kisha ukashushwa na kutiwa buluu baadaye. Kwenye TV yenye kihisi cha mwanga kilichowashwa sehemu hiyo inakuwa tope. Kizime. Na kama ni toleo la HDR (lenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza) kwenye TV isiyo na mwangaza mkubwa, picha nzima itaonekana imezama. Hapo chagua toleo la kawaida, SDR. Hupotezi kitu cha kulilia. Zima pia "dynamic contrast", inayobadilisha mwanga na giza yenyewe, maana inaunguza mchanga unakuwa mweupe mtupu, na rangi ya chungwa ya jangwa ndiyo nusu ya utamu.

Mistari myeusi juu na chini iache. Filamu hii ni pana, uwiano wa upana kwa kimo ni 2.39 kwa 1, kwa hiyo inachukua takriban robo tatu ya kimo cha TV. Ukibonyeza "zoom" ili ujaze skrini, unakata kushoto na kulia, na magari yanayokuja kutoka pembeni yanatokea kama majini.

Charlize Theron kama Furiosa anaibeba filamu kwa macho. Kasoro yangu moja: nusu saa ya mwisho inarudia njia ileile, na kwa dakika chache nguvu inapungua.

Tenet (2020)

Malalamiko ya watu kuhusu filamu hii ni moja: haisikiki. Ni kweli kwa sehemu. Mwongozaji Christopher Nolan anapenda kutumia sauti iliyonaswa wakati wa kupiga picha badala ya kumrudisha mwigizaji studio, na hapa watu wanaongea ndani ya barakoa, juu ya mashua ya kasi, katikati ya milio. Muziki wa Ludwig Göransson haumpishi mtu. Lakini sehemu nyingine ya kosa iko sebuleni, na hiyo inatibika.

Sauti ya 5.1 ina njia sita: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma, na besi. Maneno karibu yote yanapita katikati. Kama amplifaya yako inadhani una spika ya katikati na huna, maneno yanapelekwa kwa spika isiyokuwepo, unabaki na muziki na milipuko. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kuongeza sauti. Fungua mipangilio ya spika, pale kwenye spika ya katikati weka "None", na maneno yatagawiwa kushoto na kulia. Kama TV inatumia spika zake mbili tu, kwenye orodha ya lugha za sauti chagua "stereo" badala ya 5.1.

Kama spika ya katikati unayo, ipandishe desibeli 3. Bado hutosheki, fika 5. Ukizidi hapo sauti za watu zinabanduka kutoka kwenye tukio, unahisi wanasoma taarifa ya habari. Ielekeze usawa wa masikio, isitazame magoti. Kisha zima "virtual surround", inayoiga spika zisizokuwepo, kwa sababu inayatawanya maneno chumba kizima.

La mwisho ni modi ya usiku. Ukumbi wa sinema hupimwa kwa desibeli 85, na kila spika ya mbele inaruhusiwa kupiga kelele hadi 105. Nyumbani hakuna anayefungulia hivyo. Ukipunguza, kishindo kinakuwa cha kuvumilika lakini minong'ono inaanguka chini ya sauti ya feni. Modi ya usiku, au "dynamic range compression", inapandisha ya chini na kubana ya juu. Mkiangalia watoto wakiwa wamelala, itumieni bila aibu.

Baada ya yote hayo nilielewa labda maneno tisa kati ya kumi, na yale mengine nikawasha maandishi ya chini. Nashauri uyawashe tangu mwanzo. Habari ya muda unaorudi nyuma inaelezwa mara moja tu, haraka, na ukikosa sentensi mbili unapotea dakika arobaini.

Je, ni nzuri? Ni hodari kuliko ilivyo nzuri. Pambano la uwanja wa ndege, ambalo unaliona mara mbili, kwanza kutoka upande mmoja na baadaye kutoka upande wa pili, ni kazi ya fundi wa hali ya juu, na ile Boeing 747 inayogonga jengo ni ndege halisi. Lakini mhusika mkuu hana hata jina, na mama anayempigania mwanawe, anayeigizwa na Elizabeth Debicki, ndiye pekee niliyemjali. Dakika 150 ni nyingi kwa moyo mdogo hivyo. Kwenye diski, umbo la picha linabadilika ghafla, mistari myeusi inatokea na kupotea, kwa sababu sehemu zilizopigwa kwa kamera za IMAX, zenye picha ndefu zaidi kwenda juu, zinajaza skrini. TV yako haijaharibika.

The Lighthouse (2019)

Ya mraba karibu kabisa, uwiano wa 1.19 kwa 1, nyeusi na nyeupe, watu wawili kwenye mnara wa taa, Willem Dafoe na Robert Pattinson. Theluthi moja ya skrini yako itakuwa nyeusi, pembeni huku na huku. Kuna wanaobonyeza "zoom" wakakata theluthi ya kimo, vichwa na miguu vikaenda. Ufinyu huo ndio filamu yenyewe. Wawili hawa hawana pa kukimbilia, na fremu inawabana bega kwa bega.

Hii ni ya usiku, taa zote zimezimwa. Kwenye TV ya OLED, ambayo kila nukta hujizima yenyewe, pembeni panakuwa giza la kweli. Kwenye LCD panabaki kijivu, na taa ya kandili inazungukwa na wingu la mwanga kwa sababu taa za nyuma ya skrini hazizimiki moja moja. Shusha mwanga wa nyuma ("backlight") badala ya "brightness", ambayo kwenye TV nyingi, licha ya jina lake, inagusa weusi wa picha. Mwongozaji Robert Eggers aliifanya ngozi ya waigizaji ionekane ngumu, kila mkunjo umechorwa, kwa kichujio kilichotengenezwa kuiga filamu za kale. Ukiona nyuso laini, bado hujazima kupunguza chembe. Kiingereza chao ni cha mabaharia wa zamani, washa maandishi. Kuiona mara moja kumenitosha, ila uigizaji wa Dafoe nautamani tena.

A Quiet Place (2018)

Dakika 90, haina mafuta. Viumbe vinavyowinda kwa kusikia, na familia inayoishi kwa lugha ya ishara. Mwongozaji John Krasinski anatumia ukimya kama wengine wanavyotumia mlipuko. Kamera inapokaa upande wa binti asiyesikia, anayeigizwa na Millicent Simmonds ambaye kweli ni kiziwi, mara nyingine sauti inakatika kabisa, hata upepo.

Kitu kimoja tu kinaiua, nacho ni kusawazisha sauti, kinachoandikwa "Auto Volume" au "Leveling". Kinasikia ukimya, kinadhani ni hitilafu, kinapandisha sauti mpaka unasikia mvumo wa spika, na mshtuko unapokuja kinaushusha. Kizime, na kwa filamu hii usiwashe ile modi ya usiku pia. Baadhi ya saundiba nazo hulala sauti ikiwa ndogo mno, zikameza mwanzo wa kila mlio mdogo: hatua ya mguu unasikia nusu. Tafuta mpangilio wa kujizima wenyewe, uuondoe. Na usitumie spika ya bluetooth, kuchelewa kwake kunaweza kupita milisekunde 100, na hapa mlio wa msumari na uso wa aliyeukanyaga vinapaswa kufika pamoja.

12 Angry Men (1957)

Dakika 96, wanaume kumi na wawili wa baraza linaloamua kesi ya mauaji, chumba kimoja, joto, na kijana ambaye maisha yake yako mezani. Kura ya kwanza ni kumi na moja kwa mmoja. Hii ndiyo pekee kati ya sita inayostahimili karibu kila dhuluma ya TV, kwa sababu uzito wake uko kwenye maneno na nyuso. Henry Fonda anasifiwa sana na anastahili, lakini mimi nilimtazama Lee J. Cobb, juror (mjumbe wa baraza hilo) namba 3, anavyogombana na kitu kisichokuwa ndani ya chumba.

Ilikuwa filamu ya kwanza ya mwongozaji Sidney Lumet, naye alikuwa na mpango ambao huusikii ukitajwa mahali popote ndani ya hadithi. Theluthi ya kwanza kamera iko juu ya usawa wa macho. Ya pili inashuka usawa wa macho. Ya mwisho iko chini, inatazama juu. Wakati huohuo lenzi zinazidi kuwa ndefu, kuta zinasogea, nyuso zinakuwa kubwa. Feni inayogoma mwanzoni inaanza kuzunguka taa zinapowashwa, hewa inarudi kidogo, lakini chumba kinaendelea kufinyika. Hufahamu kwa nini unatokwa jasho.

Kuna jambo moja la kukagua. TV nyingi bado hukata kingo za picha, asilimia chache kila upande, tabia iliyorithiwa enzi za TV za mgongo. Kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha chagua "Just Scan", "Screen Fit" au lolote linaloonyesha picha nzima. Filamu hii ni nyembamba kidogo kuliko skrini, 1.66 kwa 1, kwa hiyo toleo lililoheshimu umbo lake litakuonyesha ukanda mwembamba mweusi pembeni. Usipouona, kuna kinachokatwa au kuvutwa. Kisha nenda mpaka nusu saa ya mwisho, msimamishe juror yeyote akiwa amesimama, utazame juu ya kichwa chake. Dari linapaswa kuwepo, limewashukia.